Baa ya kero mtaani: maswali ambayo wakazi wa Malindi hutuuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mkazi wa Malindi anayelala na kuamka na muziki wa baa dirishani mwake, na kila akienda kulalamika huambiwa "tutaliangalia". Nimekaa miaka kadhaa katika kamati ya mtaa wetu huku Barani. Maswali ninayoulizwa barazani, baada ya swala ya ishaa, nje ya kanisa na kwenye foleni ya maji ni yaleyale. Nimeyajibu kwa mdomo hadi nikaona heri niyaandike. Wengi wetu hupigana na baa usiku, wakati hakuna afisa aliye macho, ilhali leseni yake hujadiliwa mchana, mezani, mbele ya watu wanaopaswa kutusikiliza. Huko ndiko nataka twende.

Kwani kila baa ni kero?

La. Malindi ni mji wa wageni tangu jadi, na kando ya Barabara ya Lamu kuna baa zilizokaa miaka bila jirani kuzishtaki. Zina ukuta, zina vyoo, muziki wake hauvuki lango, na saa ya kufunga ikifika mteja huambiwa ainuke. Baa ya kero ni ile inayomwaga shida zake nje. Spika zimeelekezwa barabarani. Wateja wanakojoa ukutani mwa jirani kwa sababu choo ni kimoja na kimeziba. Wasichana wakitoka masomo ya jioni hawapiti njia ile bila kushikwa mkono. Chupa zimevunjwa palepale watoto wanapocheza kandanda.

Ukiandika malalamiko, andika mambo ya namna hiyo. Ukiandika tu kwamba baa ni mbaya, umetoa maoni yako, na afisa atayaweka kando.

Leseni hutolewa na nani siku hizi, serikali kuu au kaunti?

Kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka leseni ya pombe miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Jedwali hilohilo linaipa kaunti wajibu wa kuhakikisha kwamba jamii zinashiriki katika utawala wa mahali pao. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya maafisa peke yao.

Sheria mama ni ile ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo watu huiita "sheria ya Mututho" kwa sababu John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeifikisha bungeni. Ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti zikaanza kutunga sheria zake juu ya msingi huo. Mwombe karani wa leseni nakala ya sheria ya kaunti inayotumika sasa, uisome mwenyewe.

Sisi wa Malindi tuna bahati moja. Makao makuu ya Kaunti ya Kilifi yako mjini Kilifi, lakini bunge la kaunti linakaa hapahapa Malindi. Ukitaka kupeleka ardhilhali kwa wawakilishi wa wadi, nauli yako ni ya tuktuk.

Nitajuaje kwamba kuna mtu ameomba leseni ya kufungua baa mtaani kwetu?

Hapa ndipo tunaposhindwa kabla hata ya kuanza. Sheria ya 2010 inataka orodha ya waombaji ibandikwe hadharani, zikiwemo afisi za chifu, kwa muda usiopungua siku 21. Orodha hiyo inapaswa kuonyesha jina la mwombaji, aina ya leseni, mahali palipo jengo, na siku, saa na mahali kikao kitakapofanyika.

Mara ya kwanza sisi tuliikosa. Karatasi ilikuwa imebandikwa kweli, tena kwenye mlango wa afisi. Lakini mlango ule hufunguliwa asubuhi ukaegemezwa ukutani, na ukiegemezwa, karatasi inaangalia ukuta. Watu walipita hapo wiki tatu wakifuata barua za vitambulisho, na hakuna aliyeiona. Aliyeiona ni mzee mmoja aliyechelewa hadi afisi ikafungwa. Alituita jioni ile, na kikao kilikuwa kesho yake asubuhi.

Tangu siku hiyo tumeweka zamu. Kila Jumatatu mtu mmoja anakwenda kuangalia ubao, mlango, na nyuma ya mlango, anapiga picha na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp hata kama hakuna jipya. Aidha, mzoee karani. Mtu anayesalimiwa vizuri na kuulizwa kwa adabu, "Mama, kikao cha leseni kimepangwa lini?", hujibu. Asipojibu, andika barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inampa mwenye afisi siku 21 za kukujibu.

Pingamizi huandikwaje? Lazima wakili?

Wakili si lazima. Mtu yeyote anaweza kupinga, na linalotakiwa ni maandishi. Barua inakwenda kwa kamati ya leseni ya kaunti ndogo, na nakala inakwenda kwa mwombaji mwenyewe angalau siku saba kabla ya kikao. Jambo hilo la nakala limeangusha mapingamizi mengi mazuri, likiwemo letu moja. Tulimwachia mhudumu wa baa barua juu ya kaunta, hakutia saini mahali popote, na siku ya kikao mwenye baa akasema hajaona kitu. Mzigo wa kuthibitisha kwamba nakala ilifika ni wa anayepinga. Basi nenda na mtu wa pili, beba nakala mbili, moja itiwe saini na tarehe urudi nayo. Wakikataa kutia saini, ipeleke kwa posta ya rejista ubaki na risiti.

Ndani ya barua, shikamana na yale ambayo kamati yenyewe inatakiwa iyapime kabla ya kutoa leseni mpya ya baa: kama mtaa unahitaji baa nyingine ukilinganisha na zilizopo, kama jengo ni safi, zima na lina vyoo vya kutosha, na kama liko angalau mita 300 kutoka shule au taasisi yoyote ya masomo ya walio chini ya miaka 18. Hivi ndivyo tunavyoandika sisi:

"Sisi wakazi tuliotia saini hapa chini tunapinga ombi hili kwa sababu tatu. Kwanza, lango la jengo liko mita 140 kutoka shule ya chekechea. Tumepima kwa kamba mbele ya mzee wa mtaa. Pili, jengo lina choo kimoja kisicho na maji, na picha tumeambatanisha. Tatu, sehemu nne zenye leseni tayari ziko umbali wa kutembea kutoka hapo."

Barua hiyo tuliitia saini watu kumi na tisa. Hakukuwa na neno la matusi hata moja, wala hatukumtaja mwenye baa kwa tabia zake.

Madrasa inahesabiwa katika hizo mita 300? Na msikiti?

Sheria inataja chekechea, msingi, sekondari na taasisi nyingine za masomo za walio chini ya miaka 18. Sisi tunayasoma maneno hayo kuwa yanaigusa madrasa yenye watoto, na tumeyaandika hivyo kila mara. Peleka orodha ya wanafunzi na saa zao za masomo. Usitegemee kwamba kamati itajua.

Kuhusu msikiti na kanisa, kifungu cha mita 300 hakivitaji. Huko tumia sheria ya kelele.

Kelele zinapimwaje? Mwenye baa anasema muziki wake ni wa kawaida.

Kanuni za kelele za mwaka 2009, ambazo zinasimamiwa na NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), zimeweka vipimo. Kuanzia saa mbili usiku na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, kiwango cha juu katika makazi ni desibeli 35. Hiyo ni sauti ndogo sana, haipiti sana mnong'ono. Mchana, nje ya nyumba za kuishi, ni desibeli 50, na penye ibada ni 40. Hata eneo mchanganyiko la makazi na burudani, ambalo mchana linaruhusiwa 55, usiku linarudi kwenye 35. Wenye baa wengi hawalijui jambo hili. Mwoneshe kwa upole kabla hujamshtaki.

Programu ya kupimia kelele kwenye simu haitasimama kama ushahidi kamili, lakini inatosha kumfanya afisa wa NEMA aje na chombo chake. Omba aje usiku wa Ijumaa au Jumamosi. Akija Jumanne saa nne asubuhi atawakuta wanapiga deki.

Mnasema "weka kumbukumbu". Kumbukumbu gani?

Daftari la shule la kurasa 96, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili watoto wasiichukue. Sina ushauri mwingine ninaouamini kama huu.

Mwanamke mmoja wa mtaa wetu aliandika hivi: "Ijumaa, saa sita na dakika ishirini usiku. Muziki wasikika chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Mtoto ameamka. Nimepiga simu kituoni saa sita na nusu. Gari halikufika." Na ukurasa wa pili: "Jumapili alfajiri, saa tisa. Ugomvi nje ya lango. Asubuhi nimezoa chupa nusu ndoo." Majirani wawili wa nyumba nyingine nao walikuwa na madaftari yao, na hawakunakiliana. Siku ya kikao mwenyekiti aliyaweka yote matatu mezani akaanza kulinganisha tarehe kwa kidole, na usiku uleule ukawa unajitokeza katika miandiko mitatu tofauti. Chumba kilinyamaza. Mwenye baa alikuwa amekuja na wakili, na wakili huyo hakuwa na la kuuliza juu ya madaftari yale.

Pamoja na daftari, kila ukipiga ripoti polisi omba nambari ya OB (daftari la matukio la kituo) na uiandike. Ripoti isiyo na nambari ni sawa na ambayo haikupigwa.

Polisi wanakuja, muziki unapunguzwa, wakiondoka unarudi. Tufanyeje?

Andika saa waliyofika, saa waliyoondoka, na saa muziki uliporudi. Mambo hayo matatu katika mstari mmoja yanaeleza yote bila wewe kumtuhumu mtu hongo. Kama una ushahidi wa hongo, hilo ni shauri jingine na lina mahali pake: IPOA (mamlaka huru inayosimamia polisi) kwa askari, EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) kwa maafisa wa umma kwa jumla. Lakini usilichanganye na pingamizi la leseni. Ukilichanganya, kikao kizima kitageuka kuwa cha kutetea heshima ya afisa, na choo kisicho na maji kitasahaulika.

Baa inaruhusiwa kufunguliwa saa ngapi?

Kwa leseni ya kawaida ya baa chini ya sheria ya 2010, Jumatatu hadi Ijumaa ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu ni saa nane mchana hadi saa tano usiku. Leseni ya hoteli na ya klabu ya usiku ni aina nyingine na saa zake hazifanani. Leseni inatakiwa kuning'inizwa mahali inapoonekana. Ingia mchana, omba soda, isome.

Si serikali ilishaagiza baa zote za mitaani zifungwe?

Machi 2024, baada ya watu kufa kwa pombe yenye sumu kule Kirinyaga, Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alitoa maagizo 25, na miongoni mwake yalikuwamo yaliyogusa baa zilizo katika makazi na karibu na shule. Huku kwetu msako ulipita, wiki mbili tukalala, kisha taa zikawaka tena. Msako hufunga mlango, lakini haufuti leseni. Leseni ndiyo inayomrudisha mtu kesho, na hiyo hukaa miezi 12 halafu lazima iombwe upya. Ukisikia msako, usikunje daftari lako.

Na mnazi? Mtawafunga na wagema?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, nami nalijibu kwa moyo. Mnazi, yaani tembo la minazi, ni wa watu wa hapa. Kwa Wamijikenda haozwi mke wala hazikwi mzee bila mboko (kibuyu cha mnazi) kupita, na kuna watoto wengi katika kaunti hii waliosomeshwa na baba aliyekwea minazi alfajiri na jioni. Mtu anayelinganisha kibuyu cha mnazi uliogemwa leo na chupa ya kemikali iliyotoka kusikojulikana hajui anachosema. Tumeona pia mara nyingi misako ikiangukia mangwe (kilabu cha mnazi) ya ajuza mmoja kwa sababu haina wakili, huku baa yenye spika nne ikiachwa.

Hata hivyo mangwe nayo inaweza kuwa kero. Mangwe iliyo chini ya minazi, ambapo wazee hunywa na kutawanyika magharibi, sijawahi kuona jirani akiishtaki. Mangwe iliyohamia ukutani mwa shule ya msingi, inayouza tangu saa tatu asubuhi na kuwapa vijana wa sare, hiyo tuliiandikia barua kama tunavyoiandikia baa. Kabla ya barua lakini tulikwenda wazee watatu, tukakaa kwenye mkeka, tukazungumza. Mama mwenye mangwe aliihamisha mwenyewe. Hatukuhitaji afisa yeyote.

Hii si vita ya Waislamu dhidi ya wanywaji?

Katika kamati yetu mna Waislamu, Wakristo, na wawili wanaokunywa bia zao kila Jumamosi bila kuficha. Mmoja wa hao wawili ndiye shahidi wetu bora, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia anachukia pombe. Anachosema ni kwamba yeye hunywa penye ukuta na choo, na anataka mwanawe alale.

Ukiipeleka hoja hii kama ya dini, utawagawa majirani ambao usiku wote wanakosa usingizi uleule.

Kule Lamu mambo ni tofauti kidogo. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba na nyumba zilizobanana, na sehemu zinazouza pombe ni chache mno. Mila peke yake imefanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa barua. Malindi haiwezi kuiga Lamu, na haina haja.

Mwenye baa ni jirani yangu, tumesoma pamoja. Nitamtazamaje usoni?

Anza naye. Nenda asubuhi wakati hana wateja, pengine na mtu mzima anayemheshimu. Mwambie: "Ndugu yangu, sijaja kukufungia. Geuza spika ziangalie ndani, jenga choo cha pili, saa tano funga." Mpe wiki mbili. Baa tatu ninazozijua zilitengenea kwa mazungumzo ya namna hii, na moja ilikataa. Ile iliyokataa, tulipofika mbele ya kamati, swali la kwanza tuliloulizwa ni kama tulizungumza naye. Tuliweza kujibu.

Kumbuka pia kwamba kamati inaweza kutoa leseni yenye masharti. Si lazima uombe kufungwa. Baa yenye wahudumu wanane ni nyumba nane zinazopika jioni, nami binafsi napendelea masharti pale mwenyewe anapoonyesha nia. Pale asipoonyesha, naomba leseni ikataliwe, na sioni haya kusema hivyo.

Naogopa. Nikitia saini watanijua.

Watakujua, sikufichi, kwa sababu mwombaji ana haki ya kupata nakala. Ndiyo maana hatupeleki jina moja. Tia saini katikati ya wengi, na barua isomwe na mwenyekiti wa mtaa au imamu au mchungaji. Mtu akikutisha, kimbilia kituoni upate nambari ya OB siku hiyohiyo, kisha nambari hiyo ipelekwe kikaoni. Mama mjane anayeishi peke yake tumemwambia asitie saini, aandike daftari tu.

Siku ya kikao kunakuwaje?

Fika mapema, kwa nguo za heshima, mkiwa wachache wenye kusema na wengi wenye kukaa. Mtapewa dakika chache. Msemaji mmoja atangulie, shahidi mmoja afuate, picha zipitishwe. Msizomee.

Leseni ikitolewa licha ya pingamizi letu?

Omba uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu. Katiba, Kifungu cha 47, na Sheria ya Haki ya Utendaji wa Kiutawala ya 2015 vinakupa haki hiyo. Ukishazipata sababu, angalia kama walikusikiliza, kama tangazo lilikaa siku 21, kama walikwenda kuliona jengo. Kasoro ikiwepo, Mahakama Kuu iko hapa Malindi na inaweza kuupitia uamuzi, lakini usikawie. Huko sasa tafuta wakili, au afisi ya msaada wa kisheria.

Wakati huohuo afisa wa afya ya umma ana mamlaka yake mwenyewe juu ya vyoo na uchafu, kwa Sheria ya Afya ya Umma, na hahitaji kusubiri kamati ya leseni. Kwetu sisi choo ndicho kilichofanya kazi ambayo kelele zilishindwa kuifanya.

Kijana wangu wa miaka 16 aliuziwa. Nianzie wapi?

Kituo cha polisi, leo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi hata kuingia panaponywewa. Hilo ni kosa la jinai na halisubiri kikao. Na kijana mwenyewe, au mzee wa nyumbani aliyeshindwa kuacha, ana namba ya bure ya NACADA (mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya): 1192. Tumeipiga mara mbili kwa ajili ya watu wa mtaa huu, na mara zote mbili tulipata mtu wa kuzungumza naye.

Leseni ya baa iliyo karibu nasi imeshatolewa mwaka huu. Tumechelewa?

La, maana lazima iombwe upya. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye leseni. Hesabu miezi mitatu kurudi nyuma, uiandike tarehe hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukurasa wa pili ni wa usiku wa leo.